Masika ya Ida Wawili

Jumatatu, 3 Machi 2003. Mikumi

Mvua ya kwanza ya masika imepiga leo mchana, tena na radi. Nilichomoa nyaya zote za kompyuta, nikachomoa na ya feni, kisha nikakaa katikati ya chumba bila kugusa ukuta. Daktari Simoni, mganga mkuu wa hospitali yetu ya misheni, akachungulia mlangoni akanikuta hivyo.

"Kornelio, unasali?"

Nikamwambia nalinda mali ya misheni. Akacheka hadi akakohoa.

Acheke tu. Radi ikipita kwenye waya, atakayeulizwa ni mimi. Scholastica, mke wangu, alijua anachosema alipoondoka kwenda Morogoro kusomea ualimu: "Wewe mwenye hofu kiasi hicho, usipopata wa kumwambia utapasuka. Andika." Basi naandika. Binti yetu Ida yuko Vidunda kwa mama yangu tangu Januari, anasoma darasa la kwanza huko mlimani. Nyumba hii imebaki na mimi na mijusi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimefanya kazi ya maana na sioni aibu kujisifu.

Zamani hapa tulikuwa na programu ya kununua, ya kampuni moja ya Dar. Kila mgonjwa tulimwandika humo. Siku moja kioo kikasema muda wa leseni umekwisha, kikajifunga, na wagonjwa wetu wote wakabaki ndani. Tukapiga simu, haipokelewi. Tukamtuma mtu, akakuta ofisi imegeuka duka la vitenge. Siku ile niliapa sitashika tena kitu ambacho siwezi kukifungua mwenyewe. Ndipo nikatafuta programu huria, ile ambayo unapewa pamoja na matumbo yake: unaifungua, unasoma ilivyoandikwa, unabadilisha utakavyo, unamgawia mwenzako, na hakuna wa kukushtaki. Nimeisoma mwaka mzima. Nimeitia Kiswahili hadi ndani kabisa. Amri zake zinaitwa andikisha, tafuta, uliza, onya.

Hii onya ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mtu akiwa na dawa inayomdhuru, faili lake likifunguliwa kioo chote kinawaka nyekundu. Wa kwanza kuandikwa kwa wekundu alikuwa Ida wangu. Mwaka jana alichomwa penisilini hapahapa, midomo ikavimba, shingo ikavimba, akaanza kukosa pumzi mikononi mwangu. Hata kuandika habari zile kunanitoa jasho. Alipohamia Vidunda nililipeleka faili lake mwenyewe kwenye diski, nikaliingiza kwenye kompyuta ya zahanati yetu ya huko. Mama aliniuliza dawa ile inaitwaje, alishike jina. Nikamwambia, "Mama, usihangaike kukumbuka. Kompyuta itawaambia."

Sasa, kazi ya leo. Daktari analalamika kwamba watu wanapoteza kadi, wanaandikishwa upya kila wanapokuja, mtu mmoja ana mafaili matano. Nimeandika amri mpya, nimeiita unganisha. Kila kompyuta ikiwashwa, inapitia majina. Ikikuta mafaili mawili yenye jina moja, jina la baba moja na kijiji kimoja, inayafanya kuwa faili moja na kuliamini lile la zamani. Miaka ya kuzaliwa nimeiacha, maana nusu ya watu wetu wanaikisia tu. Diski zimeondoka na Saitabau, dereva wa Landrova, moja ya zahanati yetu ya Kisanga na moja ya ile ya Vidunda.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Tembo wamekula mahindi ya jirani hadi uani. Sikulala.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekasirika. Asubuhi kwenye redio ya upepo, Sista Hildegarda wa Vidunda, yule mtawa aliye tabibu wa zahanati, ananitangazia mbele ya misheni zote zinazosikiliza:

"Tumsifu Yesu Kristo. Kornelio, hii programu yako mpya inakula watu. Nimeifungua nikaitengeneza."

"Milele amina. Sista, umefungua nini?"

"Si ulisema inafunguka? Nimeingia ndani, nimeona hapo mahali ulipo…"

Nikamkatiza. Nilimwambia kwamba sehemu ya ndani si ya kila mtu. Kila zahanati ikitia mkono wake, tutakuwa na programu tatu zisizojuana, na kitu kikiharibika nitalaumiwa mimi. Atumie diski yangu, yangu tu.

"Lakini sikiliza kwanza nilichokiona."

"Sista, usiguse. Ova."

Nikafunga redio. Mtawa gani huyu asiyejua utii? Alipokuwa hapa Mikumi hata mpishi alimkimbia. Kumbe ana kipaji cha kompyuta, hilo sikatai. Ndilo linaloniogopesha.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Paa la stoo linavuja juu ya kasha la dripu.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwomba Daktari aandike barua kwa zahanati zote mbili: programu isiguswe na yeyote isipokuwa mimi, aliyebadilisha arudishe ilivyokuwa, atakayekaidi, kompyuta itachukuliwa. Daktari alikunja uso. "Si wewe uliyenihubiria mwaka mzima kwamba uzuri wa hii ni kufunguka?" Nikamjibu kwamba kufunguka ni jambo moja na vurugu ni jambo jingine. Akatia sahihi, akagonga muhuri. Diski nyingine ya Vidunda nimeiandika kwa wino mzito ili asijisahaulishe.

Filipo, karani wa Kisanga, alinihakikishia redioni kwamba yeye hajagusa wala hatagusa. Nilimwambia vizuri, na atakayegusa nitampeleka kwa Daktari. "Hilo naliandika ukutani, kaka," akasema. Huyo ndiye kijana mwenye adabu.

Jumatano, 2 Aprili

Saitabau amerudi na matope hadi kwenye kofia. Nikamuuliza Sista alisemaje alipopokea barua.

"Alisema, mwambie nimepokea."

"Basi? Hakuongeza neno?"

"Alinipa ndizi. Za kwako hakutoa."

Jumatano, 9 Aprili

Mlima umeporomoka juu ya Kidodi. Gari haliwezi tena kufika Vidunda. Nimekaa nikihesabu walio wangu waliobaki juu ya maporomoko: mama, Ida. Nikajiambia wana chakula na wana zahanati, nisiwe mjinga.

Jumatatu, 14 Aprili

Asubuhi Sista kanipa salamu za mama kwenye redio, sauti kavu, bila neno la ziada. Ida anakohoa kidogo. "Kidogo kiasi gani?" Akasema kidogo ni kidogo. Jioni upepo mkali ulivuma tangu saa kumi, na Vidunda hawakuitika.

Jumanne, 15 Aprili

Vidunda hawaitiki.

Jumatano, 16 Aprili

Nianzie mwanzo.

Asubuhi alikuja Bibi Mwanvua Kondo, anayeuza vitumbua nyuma ya stendi. Homa. Karani wa mapokezi anaumwa, nikakaa mimi. Nikamtafuta. Kioo kikasema: Mwanvua Kondo, miaka minne, chanjo ya surua amepata, uzito unaridhisha.

"Shikamoo bibi. Hapa inaonekana una miaka minne na unaendelea vizuri."

"Marahaba. Sasa mwongo nani, hilo likompyuta lako au meno yangu?" Akafungua kinywa foleni nzima ikaona yaliyobaki. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. "Huyo ni mjukuu wangu. Mwanangu Kondo kamwita jina langu, na Kondo mwenyewe nilimpa jina la marehemu baba. Mimi Mwanvua binti Kondo, na mtoto Mwanvua binti Kondo. Kwetu ndivyo. Kwenu hawarithishani majina?"

Nikasema na kwetu ndivyo. Nikaendelea kucheka kidogo. Halafu kicheko kikaisha chenyewe.

Mama yangu ni Ida binti Kornelio. Babu Kornelio ndiye aliyemzaa, na mimi nilipewa jina la babu. Binti yangu ni Ida binti Kornelio. Wote wawili wa Vidunda. Kijijini mtoto hawamwiti hata Ida, wanamwita Bibi, na mimi mwenyewe nikimbeba namwita mama. Nilikaa siku nzima nikaandika amri inayosema watu wa namna hiyo ni mtu mmoja, na sikukumbuka kwamba mtu huyo ni mama na mwanangu. Hakuna mgeni kutoka Ulaya aliyenifanyia hivi. Nimefanya mimi, mtu wa Vidunda, niliyebeba jina la babu yangu tangu ubatizo.

Faili la mama ndilo la zamani. Aliandikishwa mwaka juzi, mgongo unamuuma. Kwenye dawa zinazomdhuru pameandikwa: hakuna.

Na mtoto anakohoa.

Nikasimama, nikamwacha Bibi Mwanvua kwenye kiti, nikakimbilia redioni. "Vidunda, Vidunda, Mikumi anaita." Mshindo wa mawimbi tu. Nikaita hadi koo likakauka. Huenda betri yao imekufa, maana inajazwa na jua na jua hatujaliona wiki nzima. Nikaikimbilia fikra hiyo: betri ikiwa imekufa, na kompyuta imekufa, na Sista atamtibu Ida kwa kichwa chake, na kumuuliza mama. Naomba Mungu betri iwe imekufa. Lakini mama akiulizwa? Nilimwambia asihangaike kukumbuka.

Kisha nikakumbuka jingine, nikakaa chini sakafuni palepale. Sista alishalitengeneza kosa hilo. Hilo ndilo alilotaka kuniambia mwezi uliopita: programu yako inakula watu. Alikuwa ameona bibi mmoja anammeza mjukuu, akaingia ndani akawatenganisha, akaziba. Mimi nikampelekea barua yenye muhuri afungue tena.

Kwa hiyo sasa nina ombi moja tu duniani. Namwomba Mungu Hildegarda awe amenikaidi. Awe ameitupa diski yangu shimoni. Awe na kiburi kilekile nilichokuwa nakilaani.

Alhamisi, 17 Aprili

Vidunda hawaitiki. Hapa Mikumi nimezima ile amri na nimerudisha mafaili kutoka kwenye nakala ya Februari. Watu kadhaa wekundu wao ulikuwa umepotea. Hakuna aliyedhurika, kwa bahati tu.

Kisanga wakaitika. Sikuwa na njia ya kuwafikishia diski, Saitabau anasema daraja la mbao limekwenda na maji. Nikaona nitamsomea Filipo kwa mdomo.

"Filipo, washa kompyuta. Fungua programu kule ndani."

"Shikamoo kaka. Kule ndani ulisema tusiguse."

"Marahaba. Sasa nasema gusa."

"Ulisema atakayegusa utampeleka kwa Daktari. Nimeandika ukutani, kaka. Kwa chaki."

"Filipo, kafute ukutani."

Nilimsikia akiondoka, nikamsikia akirudi. Nilimwelekeza hadi kwenye mstari wenyewe. Akausoma pole pole: kama jina ni sawa, na baba ni sawa, na kijiji ni sawa, unganisha.

"Futa hilo neno la mwisho. Mahali pake andika uliza."

"Uliza?"

"Uliza. Ikikuta wawili wanaofanana, isimame, imuulize mtu aliye hai hawa ni mmoja au wawili. Hiyo amri imo tayari, inatumika kwenye kuandikisha."

"Nimeandika. Kaka, niusome tena?"

"Usome, Filipo."

Nusu ya jimbo lazima ilisikia. Zamani ningekufa kwa aibu. Nilitaka tu sauti moja itoke Vidunda iseme na mimi nimesikia, nimefuta, nimeandika uliza. Haikutoka.

Scholastica alipiga simu ya ofisi jioni kuuliza Ida anaendeleaje. Nikasema anakohoa kidogo. Nikasema kidogo ni kidogo. Sikuweza kumwambia zaidi, na bado naona haya.

Kesho naondoka na Saitabau hadi gari litakapogoma.

Jumamosi, 19 Aprili. Vidunda

Naandikia kitandani kwa mama. Miguu imevimba.

Jana, Ijumaa Kuu, gari liligoma mbele kidogo ya Kidodi. Saitabau akaliegesha, akavaa raba zake, akasema anapanda na mimi. Nilimwambia si kazi yake.

"Kazi yangu ni kukufikisha. Sikuambiwa kwa gari."

Tulipanda kwa mikono na miguu. Pale mlima ulipoporomoka hakuna njia, kuna udongo mwekundu unaoteremka ukiukanyaga. Nilikuwa naogopa kila kitu maishani mwangu, wadudu, radi, wakaguzi, na pale juu sikuogopa kuanguka hata kidogo, nafasi ya hofu ilikuwa imejaa. Nilikuwa narudia maneno yaleyale kama rozari: awe amenikaidi, awe amenikaidi. Saitabau akaniuliza nasema nini. Nikamweleza yote, programu, barua, majina mawili.

"Kwetu mtoto akipewa jina la babu aliye hai," akasema, "ng'ombe wao huwekwa alama tofauti. Hata ng'ombe."

Niliendelea kupanda.

Tulifika jua likikaribia kuzama. Mlango wa zahanati ulikuwa wazi. Sista Hildegarda alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, shela imelegea, mikono mapajani. Nyuma yake nguzo ya antena imelala kwenye migomba. Antena tu ndiyo iliyoanguka. Betri ilikuwa nzima.

"Sista. Ile diski."

Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi ni mtawa, Kornelio. Nimeweka nadhiri. Barua ilikuja na sahihi na muhuri. Nilitii."

Nikauendea mlango. Saitabau akanifuata.

"Yuko ndani," Sista akasema. "Anapumua. Nenda."

Ida alikuwa amelala ubavu, uso umevimba hadi macho ni mistari miwili, mkono umefungwa kibao cha dripu. Mama yuko chini kwenye mkeka, ameshika mguu wake. Nilipopiga magoti mtoto akafumbua jicho kidogo. "Baba, una matope," akasema. Nikalia kwa sauti. Sina haja ya kuficha.

Sista alinisimulia baadaye, amesimama, bila kupunguza kitu. Jumatano asubuhi mama alimleta Ida akiwa na homa ya mapafu, mbavu zinaingia ndani akipumua. Wakati huohuo, nahesabu sasa, mimi nilikuwa nacheka na Bibi Mwanvua. Sista akaandika jina. Kioo kikaja cheupe. Miaka ilionyesha sitini na kitu, lakini miaka ya nusu ya watu wa hapa imekosewa, hakuijali, na mbele ya mtoto anayekosa pumzi hakukumbuka tena kwamba programu inakula watu. Dawa zinazomdhuru: hakuna. Akachoma penisilini. Kabla hajaweka sindano chini, midomo ikaanza.

"Nilikuwa na kichupa kimoja cha adrenalini, ile inayorudisha pumzi," akasema. "Kimoja. Nilikuwa nimekiweka kwa ajili ya wanaojifungua. Nimekaa naye tangu siku ile. Nimempa dawa nyingine, mapafu yanafunguka."

Mama akasema kutoka mkekani, taratibu, "Mimi nilimwona akiivuta ile dawa, baba. Moyo ukaniambia niulize. Nikasema, aa, kompyuta ya mwanangu imeshamwambia."

Hakusema kwa kunilaumu. Angenilaumu ningevumilia zaidi.

Jumatatu, 21 Aprili. Pasaka ya pili

Ida amekula uji, ameomba na sukari. Uvimbe umeshuka. Watoto wa jirani wanachungulia dirishani wakiita "Bibi! Bibi!" na mama anaitika kwa makusudi ili wacheke.

Nilimwambia Sista naomba msamaha. Alikuwa anachemsha vifaa. "Utaomba sana," akasema, "na mimi pia. Ningeweza kukuandikia barua, nikampa Saitabau. Nilinuna. Nikasema ngoja aone mwenyewe." Akazima jiko. "Tumenuniana, mtoto akalipa."

Tukakaa wawili mbele ya kompyuta. Nilimwomba anionyeshe alivyokuwa ametengeneza mwezi wa tatu. Nilidhani ataniambia neno lilelile nililomsomea Filipo. Kumbe yeye alikwenda mbali zaidi: kabla ya kuuliza, programu yake inaangalia kama mmoja wa wale wawili ana wekundu, na ikikuta hivyo haikubali kuunganisha hata mtu akisema ndiyo, mpaka watu wawili wakubali. Nilisoma mara mbili. Ni bora kuliko yangu.

Juu kabisa ya programu, pale palipokuwa na jina langu peke yake, nimeandika la Hildegarda, kisha langu. Chini yake nimeandika: Atakayeona kosa aguse, halafu atuambie wote. Sista akasoma, akasema mstari huo niurudie na mwishoni, watu hawasomi mwanzo.

Jumanne, 29 Aprili. Mikumi

Nimerudi. Scholastica nimemwambia kila kitu. Akasema anakuja wikiendi, na akakata.

Jumapili, 4 Mei

Amekuja. Amesoma shajara hii yote, amekaa ameniegemezea mgongo. Hajasema amenisamehe. Amesema niendelee kuandika.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua imekonda, inakuja asubuhi na kuondoka. Vidunda wamesimamisha antena. Nimemsikia Ida kwenye redio akisema "ova" bila sababu.

Nilikuwa nimeshaaga wote, mkono uko kwenye swichi, nikasikia sauti ya Filipo wa Kisanga, ndogo, mbali.

"Kaka Kornelio, samahani sana. Naomba usikasirike."

"Sema, Filipo."

"Ulisema tuguse. Basi jana nimekaa nikasoma kule ndani. Sielewi vingi. Ila kwenye onya… labda nimekosea mimi, kaka."

"Sema."

"Mtu akiwa na dawa mbili zinazomdhuru. Naona inasoma ya kwanza tu, inaishia hapo. Ya pili kioo hakiionyeshi."

Niliandika onya mwaka jana, kwa mkono wangu, kwa ajili ya mwanangu mwenye dawa moja. Sikuwaza mtu mwenye mbili. Ni wangapi? Wako wapi? Nani anakohoa leo, kijiji gani, na nani anamvutia sindano wakati mimi nimekaa hapa?

Kwenye mawimbi nilisikia Filipo akivuta pumzi, anangoja nimfokee.

Nikavuta kiti. Nikachukua kalamu.

"Umefanya vizuri, Filipo," nikasema. "Vidunda, na nyie msiondoke. Haya, nisomee mstari wenyewe."